Mwongozo kamili: kushea draivu, printa na monita kati ya Commodore 64 na VIC-20 bila kuunguza chipu

Ukishaanza kukusanya kompyuta za zamani haichukui muda unajikuta na mashine mbili na draivu moja. Nachukua mfano ninaoupenda, VIC-20 (Japani ilitoka 1980, Marekani 1981) na Commodore 64 (C64) ya 1982, alafu una draivu moja ya 1541, printa moja ya MPS-801 au 803, tepu moja ya kaseti na monita moja. Hizi mashine ni ndugu kabisa, Commodore waliziundia vifaa vilevile, kwaiyo kushea inawezekana na inafanya kazi vizuri tu. Shida ni kwamba poti za nyuma hazina kinga ya maana. Kwenye C64 mistari ya CLK (saa) na DATA (data) kutoka kwenye draivu inaingia moja kwa moja kwenye chipu ya 6526, ile inayohudumia poti, hakuna kitu katikati cha kupokea kipigo. Commodore walifilisika 1994 na chipu zao orijino hazitengenezwi tena, ukiua moja unaenda kuitoa kwenye mashine nyingine, na mimi kila nikiona mashine nzima imevunjwa ili ipatikane chipu moja naumia.

Kwaiyo shika mambo matatu toka mwanzo: unachomeka na kuchomoa vitu vyote vikiwa vimezimwa, mstari wa draivu unakuwa na bosi mmoja tu kwa wakati mmoja, na plagi kuingia kwenye tundu sio ushahidi kwamba hapo ndo mahali pake. Mengine yote ni kufafanua hayo.

Anza na umeme, kebo baadae

Adapta ya zamani ya C64, ile nzito iliyomiminiwa gundi ngumu ndani, ndo muuaji namba moja wa hizi kompyuta. Inatoa umeme wa aina mbili, 9V AC na 5V DC, na ikizeeka ile regyuleta ya ndani inakufa kwa njia mbaya: badala ya kukata umeme inaupandisha. Ile 5V inakuwa 6, 7 au zaidi na RAM zinaungua hapohapo. Sasa ukiwa unashea vifaa unakuwa umeunganisha mashine zako kwa waya, adapta moja mbovu inaweza ikapeleka balaa hadi kwenye draivu na kwenye kompyuta ya pili.

Chukua multimita, adapta iwe haijachomekwa kwenye kompyuta. Plagi yake ni DIN, ile ya mviringo, ya pini 7. Weka kwenye DC, waya mweusi kwenye pini ya 2 (hiyo ni graundi) na mwekundu kwenye pini ya 5. Unataka kuona kati ya 4.75 na 5.25. Ikizidi 5.25 usiitumie tena, hata kama kompyuta "inawaka vizuri tu". Alafu hamia AC upime pini ya 6 na ya 7, hapo utapata 9 na kitu, ikizidi kidogo bila mzigo ni kawaida. Ila ujue kipimo kizuri leo hakikupi dhamana ya kesho, maana nyingi zinapanda zikishapata moto, na zimemiminiwa gundi kwaiyo hakuna fundi wa kuzifungua kirahisi. Ushauri wangu ni kununua adapta mpya iliyotengenezwa miaka hii, au uweke kifaa cha kinga katikati kinachokata 5V ikipanda. Kama pesa inatosha kitu kimoja tu, nunua hiki kabla ya kitu kingine chochote.

Usibadilishane adapta kwa kuangalia umbo tu. VIC-20 za mwanzo zina tundu la pini mbili na zinataka 9V AC peke yake. Za baadae zina DIN ya pini 7 na hizo zinatumia adapta ya aina ya C64. Ukiwa na mashine zaidi kwenye kabati angalia pia plagi za mraba za Commodore 128 na Amiga 500, kwa macho zinafanana lakini ya Amiga inatoa +12 na -12 mahali ambapo 128 haitarajii kabisa. Bandika karatasi kwenye kila adapta uandike jina la kompyuta yake.

Kwa sisi wa 230V au 240V, mashine iliyokuja kutoka Marekani ni ya 120V. Wengi wanakumbuka kompyuta wanasahau draivu: 1541 ya kawaida ina transfoma yake ndani na inachukua umeme wa ukutani moja kwa moja, kwaiyo nayo inatakiwa ipite kwenye transfoma ya kushusha. 1541-II ina adapta ya nje ya 5V na 12V, hapo unaweza kubadilisha adapta peke yake.

Alafu kuna hili la eathi, ambalo huku kwetu ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. TV nyingi za flati zenye plagi ya pini mbili zina kapasita ndogo ndani za kuchuja kelele za umeme, na hizo zinavujisha kidogo kwenda kwenye bodi la TV. Umeme wenyewe ni mdogo sana, unausikia kama kichomi cha mbali ukigusa chuma cha soketi ya antena, lakini ukipima kwa multimita unaweza kukuta hata nusu ya volti za ukutani. Wewe hauumii. Chipu ya sauti, SID, ndo inaumia, pale unapochomeka kebo ya picha na ncha ya katikati ikagusa kabla ya graundi. Dawa ni kuweka kila kitu kwenye ekstensheni moja yenye pini tatu na eathi ya kweli, unaunganisha kebo zote kwanza, na plagi ya ekstensheni ndo inaingia ukutani mwisho kabisa. Kama nyumba haina eathi muite fundi umeme aiweke, usijaribu kuitengeneza kwa kufunga waya kwenye bomba.

Monita: kebo moja, tundu mbili zisizolingana

C64 nyingi zina DIN ya pini 8 kwa ajili ya picha na sauti, za mwanzo zina pini 5. VIC-20 ina pini 5. Plagi ya pini 5 inaingia kote, na hapa ndo watu wananaswa. Kwenye C64 pini ya 1 ni luma, yaani ile sehemu ya picha ya mwanga bila rangi. Kwenye VIC-20 pini hiyohiyo ya 1 inatoa umeme, takriban 6V, wa kulisha kile kiboksi cha kurushia picha kwenye TV. Kwaiyo ukichukua kebo ya C64 iliyounganisha luma, ukaipeleka kwenye VIC-20, unasukuma umeme moja kwa moja kwenye mlango wa picha wa monita yako.

Kama unataka kebo moja itumike kote tengeneza ya kompositi tu, yaani picha yote, mwanga na rangi, kwenye waya mmoja: pini ya 2 graundi, ya 3 sauti, ya 4 picha, na pini ya 1 usiiguse. Picha ya luma na kroma (rangi) zikiwa waya tofauti kwenye C64 ni nzuri zaidi, hilo nakubali, ila hiyo iwe kebo yake peke yake yenye mkanda mwekundu na isiende kwenye VIC kamwe.

Kushea monita yenyewe ni rahisi, kiswichi cha AV cha kawaida cha RCA kinatosha.

Joystiki na tepu ya kaseti

Joystiki ya Atari yenye soketi ya pini 9 inafanya kazi kwenye C64 na VIC-20 zote, ichomeke tu kukiwa kumezimwa. Ila epuka joystiki za mashine nyingine hata kama soketi ni ileile. Pedi ya Sega Mega Drive ina chipu ndani, inategemea umeme kwenye pini ya 5 wakati C64 inautoa kwenye pini ya 7, na matokeo yake inaweza kusukuma mistari ya 6526 ambayo haikupangiwa kusukumwa.

Mbaya zaidi ni pedi za MSX, aina nyingine ya kompyuta za zamani, zenye vitufe viwili. Nalisema hili kwa sababu MSX zilienea sana Ghuba, Al Alamiah ya Kuwait walikuwa wanauza za Kiarabu kwa jina la Sakhr, kwaiyo ndugu zetu wa Oman na Dubai wanaweza kuzikuta kwenye mitumba. Pedi ya MSX kitufe cha pili kinaunganisha pini ya 7 na ya 8. Kwenye C64 pini ya 7 ni +5V na ya 8 ni graundi. Ukibonyeza tu umepiga shoti umeme wa kompyuta nzima.

Tepu ya C2N au 1530 inafaa kote na kaseti zinasomeka vizuri, tena kutumia tepu moja kwa mashine mbili kuna faida kwamba hedi (kichwa kinachosoma kaseti) ni ileile, ulichorekodi kwa VIC hakina tatizo la hedi kutolingana ukikisikiliza kwa C64 (programu yenyewe kukimbia ni suala lingine, nalifikia). Hatari yake ipo kwenye plagi. Ni ile ya kubana ukingo wa bodi, ina kijino cha plastiki cha kuzuia isigeuzwe, na kwenye nyingi kijino kimeshavunjika. Mpangilio ni graundi, +5V, mota, kusoma, kuandika, na kihisi cha kitufe. Igeuze juu chini na umeme wa mota unaangukia kwenye mstari wa kusoma, na ile 5V inaangukia kwenye wa kuandika. Kwenye C64 mistari kadhaa ya hapo inatoka moja kwa moja kwenye 6510 ambayo ndo ubongo wenyewe. Chora mshale mweupe juu ya plagi, na tepu hii usiiwekee swichi, ihamishe kwa mkono mashine zikiwa zimezimwa.

Draivu na printa: elewa mstari kwanza

1541 na printa zinatumia mstari mmoja wenye DIN ya pini 6: ya 1 ni SRQ, ya 2 graundi, ya 3 ATN (kompyuta inautumia kuita vifaa visikilize), ya 4 CLK, ya 5 DATA, na ya 6 pale katikati ni RESET (kuanzisha upya). Vifaa vinafuatana kwa mnyororo, kompyuta inaenda kwenye draivu, draivu ina soketi mbili kwaiyo ya pili inaenda kwenye printa. Kila kifaa kina namba, printa 4 au 5, draivu 8 hadi 11. Mstari ukipumzika unakaa juu, na yeyote anayetaka kusema anauvuta chini.

Kwa kuwa kila mtu anavuta chini tu na hakuna anayesukuma juu kwa nguvu, utaona watu wanachomeka C64 kwenye soketi moja ya draivu na VIC-20 kwenye soketi ya pili, na inafanya kazi. Inafanya kazi kweli, mpaka siku mashine mbili ziseme pamoja. Kila kompyuta inaamini yenyewe ndo bosi, hakuna utaratibu wowote wa kusubiriana, kwaiyo moja ikivuta ATN wakati nyingine inaandika diski, faili linakatika katikati. Hilo ni la kwanza.

La pili ni RESET. Ukiwasha C64 umeona draivu inavyozunguka kidogo na taa nyekundu inawaka? Hiyo ni RESET imepita kwenye pini ya 6. Sasa kwenye bodi nyingi za mwanzo za C64 pini hiyo ni ya njia mbili, kwaiyo ukiwasha mashine ya pili ile ya kwanza nayo inaanza upya, na kazi yote ambayo hujaseva imeenda.

La tatu, kompyuta iliyozimwa lakini bado imechomekwa. Resista zake za kuvuta mstari juu sasa zimeunganishwa na mashine isiyo na umeme, kwaiyo zinauvuta chini, na umeme kidogo unapenya kwenye chipu zilizolala. Utapata ?DEVICE NOT PRESENT ERROR au mashine inaganda, unaanza kulaumu draivu na draivu haina kosa.

Kwaiyo weka swichi. Wazo sio jipya, kampuni ya Handic ya Sweden ilikuwa inauza kifaa kinaitwa VIC-Switch ili darasa zima litumie draivu moja na printa moja. Sisi tuna mashine mbili, tunahitaji kitu rahisi zaidi.

Kutengeneza swichi

Unahitaji soketi tatu za DIN pini 6 (mbili za kompyuta, moja ya kwenda kwenye draivu), kiboksi, waya, na swichi ya kupindua yenye pini 12, yaani safu nne za pini tatu tatu. Kwenye maduka ya spea kama ya Kariakoo au Luthuli Avenue waelezee hivyohivyo, pini 12, sehemu mbili, bila kituo cha katikati. Usichukue ya pini 6, haitoshi.

1. Unganisha pini ya 2 ya soketi zote tatu pamoja, hii ni graundi na haipiti kwenye swichi. Lazima graundi iwe imeshikana muda wote ili mashine zisitofautiane volti wakati unageuza.
2. Pini ya 3, 4, 5 na 6 za soketi ya draivu ziende kwenye pini nne za katikati za swichi, kila moja safu yake.
3. Pini hizohizo za kompyuta A ziende upande mmoja wa swichi, za kompyuta B upande wa pili, safu kwa safu. Hapa usiharakishe, ukikosea safu moja unakuwa umechanganya CLK na RESET.
4. Pini ya 1 iache, C64 na VIC hazihitaji hapa.
5. Namba za pini huwa zimeandikwa kwa herufi ndogo kwenye plastiki upande wa kulehemu. Ukitazama kwa mbele zinageuka, kwaiyo amini maandishi, usiamini picha.
6. Kabla ya kuchomeka popote weka multimita kwenye mlio. Swichi ikiwa upande wa A, kila pini ya draivu ilie na pini yake ya A tu, isilie na B wala na jirani yake. Geuza, rudia. Graundi ilie kote.

RESET kupita kwenye swichi ndo siri ya kifaa hiki, watu wakiona mchoro wanasema tuiache ya moja kwa moja tuokoe safu moja. Ukiiacha hivyo umerudi kwenye lile tatizo la pili.

Kujaribu

Toa diski kwenye draivu kwanza, 1541 isiwashwe wala kuzimwa diski ikiwa ndani. Swichi iwe upande wa C64, washa draivu na printa, alafu C64. Andika:

10 OPEN15,8,15:INPUT#15,A,B$,C,D:PRINT A;B$:CLOSE15

Ukifanya RUN mara ya kwanza utaona 73 na CBM DOS V2.6 1541, hiyo ni salamu ya draivu iliyotoka kuwashwa. RUN tena itakuwa 0 na OK. Sasa washa VIC-20 huku swichi ikiwa bado upande wa C64, rudi kwenye C64 ufanye RUN tena. Ikibaki 0 na OK, na programu yako bado ipo, swichi yako ni nzima. Ikirudi 73, RESET inavuja, fungua kiboksi.

Printa ijaribu hivi: OPEN4,4:PRINT#4,"HABARI":CLOSE4. Alafu weka diski usiyoijali, LOAD"$",8 na LIST, na ufanye hivyohivyo upande wa VIC.

Matumizi ya kila siku

Usigeuze swichi taa nyekundu ya draivu ikiwa inawaka. Ikiwaka moja kwa moja maana yake kuna faili liko wazi, fanya CLOSE kwanza. Ikitokea faili limeachwa wazi utaliona kwenye orodha likiwa na nyota pembeni, usilifute kwa amri ya kufuta ya kawaida, tumia OPEN15,8,15,"V0":CLOSE15 draivu ipange upya hesabu za diski.

Kitu kinachowachanganya wengi ni kwamba ukigeuza swichi draivu haianzi upya, inabaki na mipangilio ya mashine iliyotoka. VIC-20 inaweza kuiambia 1541 iende kasi kidogo kwa OPEN15,8,15,"UI-":CLOSE15, na inafaa kabisa. Ila C64 haiwezi kasi hiyo, chipu yake ya picha inamsimamisha prosesa kila mara ikichora, kwaiyo ukihamia C64 bila kurudisha utapata makosa yasiyoeleweka. Kabla ya kugeuza andika "UI+" kwa mtindo uleule.

Ukipata draivu ya pili nayo ni namba 8, washa moja tu, ipe namba 9 kwa amri hii, alafu ndo uwashe nyingine:

OPEN15,8,15:PRINT#15,"M-W"CHR$(119)CHR$(0)CHR$(2)CHR$(41)CHR$(73):CLOSE15

Ila inakaa mpaka RESET tu. Ukigeuza swichi kwenda kwa VIC alafu ukaiwasha VIC, draivu zote mbili zinarudi kuwa 8 na zinagombana. Kwaiyo washa kompyuta zote mbili mwanzoni, ndo upange namba. 1541-II na 1571 zina viswichi vidogo nyuma, hizo ziweke 9 moja kwa moja usahau.

Diski zenyewe mashine zote zinasoma, muundo ni uleule na tupu inakupa bloki 664. Programu za BASIC zipakie kwa LOAD"JINA",8 bila ile ,1 ya mwisho, kwa sababu BASIC ya C64 inaanzia anwani 2049 na ya VIC-20 isiyoongezwa RAM inaanzia 4097. Bila ,1 kompyuta inaipanga programu mahali pake yenyewe. Ukiweka ,1 VIC itajaribu kuipakia kwenye 2049, sehemu ambayo haina RAM hata kidogo, utaona READY na LIST itakuwa tupu. Na kumbuka VIC hiyo ina baiti 3583 za BASIC dhidi ya 38911 za C64, kwaiyo angalia ukubwa wa faili kwenye orodha: likizidi bloki 14 halitoshei.